Namba tasa zinaishia wapi? Jibu lipo kwenye fungu la nyanya

Katika maswali yote ambayo mtoto wa shule ya msingi huyaleta nyumbani na daftari la Hisabati, lipo moja linalowanyamazisha wazazi wengi. Mtoto ameshafundishwa kwamba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa. Ameandika nyingine kumi, ameishiwa nafasi kwenye mstari, kisha anainua kichwa: "Mama, hivi namba tasa zinaishia wapi?"

Kwa mzazi aliyefika Mbande au Bunju saa mbili usiku, baada ya foleni na daladala mbili, jibu jepesi ni "kamuulize mwalimu wako" au "utasoma mbele." Si jibu baya kwa nia. Ubaya wake ni kwamba mtoto akilisikia mara nyingi anajifunza kitu kingine kabisa: kwamba Hisabati ni ya kukariri, na maswali ya "kwa nini" ni usumbufu.

Habari njema ni kwamba jibu la swali hili halihitaji elimu ya chuo. Linahitaji kuzidisha, kujumlisha moja, na kujua maana ya baki. Mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kulieleza kwa nyanya zilizopo jikoni, na mtoto akalielewa usiku huohuo.

Mafungu yanayokataa kulingana

Mama anayeuza nyanya Mbagala Rangi Tatu anazijua namba tasa hata kama hajawahi kuziita hivyo. Akiwa na nyanya 24 hana shida. Anaweza kupanga mafungu ya mbilimbili, tatutatu, nnenne, sitasita, nanenane au ya kumi na mbili, na zote zikaisha bila baki.

Akiwa na nyanya 23 mambo hubadilika. Akipanga mbilimbili inabaki moja. Akipanga tatutatu zinabaki mbili. Akipanga tanotano zinabaki tatu. Kila fungu analojaribu linaacha baki, mpaka aamue kuziuza mojamoja au kuzimwaga zote kwenye fungu moja. Hiyo ndiyo namba tasa: namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe.

Hapa kuna mitego mitatu ambayo mtoto hunaswa nayo kwenye mitihani. Kwanza, 1 si namba tasa, kwa sababu namba tasa lazima iwe na vigawo viwili, na 1 ina kimoja tu. Pili, 2 ni namba tasa, na ndiyo namba shufwa pekee iliyo tasa. Tatu, si kila namba witiri ni tasa. Zinazowadanganya hata watu wazima ni 51, ambayo ni 3 × 17. 57, ambayo ni 3 × 19. Na 91, ambayo ni 7 × 13.

Neno linaloumiza

Neno lenyewe linahitaji uangalifu nyumbani. Nje ya Hisabati, tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa, na katika familia nyingi neno hilo limewahi kumliza mtu: shangazi, jirani, pengine mama mwenyewe kabla hajapata mtoto. Watoto hulisikia mtaani, na darasani likitajwa kuna wanaocheka.

Mzazi anaweza kuitumia nafasi hiyo. Katika Hisabati, neno hili linaeleza namba ambayo haigawanyiki, basi. Tena namba hizo ndizo zinazojenga nyingine zote. Namba 30 ni 2 × 3 × 5. Namba 24 ni 2 × 2 × 2 × 3. Namba 100 ni 2 × 2 × 5 × 5. Kila namba kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe, ama imeundwa kwa kuzidisha namba tasa.

Sababu yake ni rahisi. Chukua 60, uigawe kuwa 6 × 10. Sita inagawanyika kuwa 2 × 3, na kumi kuwa 2 × 5. Kila hatua vipande vinakuwa vidogo, kwa hiyo mchezo huu hauwezi kuendelea milele. Unapokwama, pale ambapo kipande hakigawanyiki tena, ndipo penye namba tasa. Ndiyo maana mwalimu huanza na vigawo tasa kabla ya kufundisha Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika.

Mtoto anayejua kwamba bila zile zinazoitwa tasa hakuna namba nyingine yoyote, atasita kidogo kabla ya kulitumia neno hilo kumcheka mtu. Jambo hili la vipande kuishia kwenye namba tasa likumbukwe, kwa sababu litahitajika tena hapa chini.

Hesabu za Afrika

Watoto wengi hudhani Hisabati ilitoka Ulaya ikiwa imefungashwa tayari. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa akifukua ardhi Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward, mashariki mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alipata mfupa mdogo wenye mikato iliyochongwa kwa makundi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels, Ubelgiji.

Mikato hiyo imepangwa katika safu tatu. Safu moja ina makundi manne: mikato 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Wapo wanaoona hapo dalili kwamba aliyechonga alizijua namba zisizogawanyika. Wengine wanasema ni hesabu za siku za mwezi, na wengine wanasema makundi hayo yametokea kwa bahati tu. Mzazi asimwambie mtoto kwamba jambo limethibitishwa. Linalotosha ni kwamba watu wa ukanda huu wa maziwa walihesabu na kuweka kumbukumbu ya hesabu zao maelfu ya miaka kabla ya kuwepo daftari.

Swali la mtoto, kama namba tasa zinaisha, lilijibiwa pia katika ardhi ya Afrika. Aliyeandika jibu ni Euclid, mwalimu aliyetumia lugha ya Kigiriki katika mji wa Alexandria, Misri, karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Baada yake, katika mji huohuo, alifanya kazi Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, katika Libya ya leo. Huyu anakumbukwa kwa njia ya kuzitafuta namba tasa inayofanana na kuchekecha mchanga wa ujenzi.

Chekeche la namba

Njia hiyo inafaa kwa mtoto wa darasa la nne kwenda juu. Achore miraba 100 na kuandika 1 mpaka 100. Aikate 1. Aiache 2, kisha akate kila namba inayogawanyika kwa 2 baada yake: 4, 6, 8 na kuendelea. Aiache 3, akate 6, 9, 12 na wenzake. Afanye hivyohivyo kwa 5 na kwa 7. Hapo kazi imekwisha, kwa sababu namba inayofuata ni 11, na 11 × 11 ni 121, imeshavuka 100.

Zinazobaki kwenye chekeche ni 25: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89 na 97.

Mtoto makini akiendelea mbele ataona jambo la kumtia shaka. Mpaka 100 zipo 25. Kati ya 100 na 200 zipo 21. Kati ya 900 na 1,000 zimebaki 14. Kuna mahali zinapotea kabisa: baada ya 113 hakuna namba tasa nyingine mpaka 127. Zinazidi kuadimika. Kwa hiyo mtoto akisema, "Baba, naona zitaisha," asichekwe. Ametazama vizuri na amesema alichokiona.

Ila zinaweza kuadimika bila kuisha, na hapo ndipo nyanya zinarudi.

Nyanya moja ya ziada

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi.

"Haya mwanangu, tuseme namba tasa ni tatu tu duniani: 2, 3 na 5. Zizidishe zote."

"Mbili mara tatu, sita. Mara tano, thelathini."

"Nyanya 30 tukizipanga mbilimbili, inabaki ngapi?"

"Haibaki."

"Tatutatu? Tanotano?"

"Hazibaki, baba."

"Sasa ongeza nyanya moja. Zimekuwa 31. Panga tena."

Mtoto akizipanga mbilimbili anapata mafungu 15 na inabaki moja. Tatutatu anapata mafungu 10 na inabaki moja. Tanotano anapata mafungu 6 na inabaki moja. Ni ileile nyanya ya ziada, na haina fungu la kuingia.

Kwa hiyo 31 haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5. Lakini imeshaonekana kwamba kila namba kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ina kigawo kilicho tasa. Basi lazima ipo namba tasa ambayo haikuwemo kwenye orodha ya tatu. Hapa ni 31 yenyewe.

Mtoto atajitetea: "Basi niongeze 7." Sawa. 2 × 3 × 5 × 7 ni 210. Ongeza moja, 211. Ukigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5 au kwa 7, inabaki moja. Orodha imekosa tena namba tasa fulani.

Aongeze kumi, aongeze milioni. Orodha iwe ndefu kiasi gani, mradi ina mwisho, azidishe zote zilizomo na kuongeza moja. Kila namba ya kwenye orodha itaacha baki ya moja. Kigawo tasa cha hiyo namba mpya hakimo kwenye orodha. Kwa hiyo hakuna orodha yenye mwisho inayoweza kuzimaliza namba tasa. Hazina mwisho. Hilo ndilo aliloliandika Euclid, na zaidi ya miaka 2,000 baadaye halijahitaji marekebisho.

Kosa la kuepuka

Wengi, hata waliosoma mpaka sekondari, huondoka na wazo kwamba ukizidisha namba tasa na kuongeza moja unapata namba tasa nyingine kila mara. Sivyo. Chukua 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13. Jibu ni 30,030. Ongeza moja, unapata 30,031. Hiyo si tasa. Ni 59 × 509.

Hoja haijaanguka. Namba 59 na 509 zote ni tasa, na zote mbili hazikuwemo kwenye orodha iliyoishia 13. Kinachohakikishwa ni kwamba kuna iliyosahaulika. Wakati mwingine ni namba mpya yenyewe, wakati mwingine imejificha ndani yake kama kigawo.

Kwa nini mifano haitoshi

Mtoto anaweza kuuliza kwa nini mzazi asimwonyeshe tu namba tasa nyingi mpaka aamini. Jibu zuri ni mchezo wa 41. Anza na 41, ambayo ni tasa. Ongeza 2, unapata 43. Ongeza 4, unapata 47. Ongeza 6, unapata 53. Ongeza 8, unapata 61. Endelea kuongeza 10, 12, 14. Namba 40 za kwanza za mfululizo huu zote ni tasa. Mtu akikagua thelathini, ataapa kwamba utaratibu huu haukosei.

Namba ya 41 ni 1,681, na hiyo ni 41 × 41. Utaratibu umevunjika.

Wazazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa sana somo hili. Wanaujua upatu uliolipa mwezi wa kwanza, ukalipa wa pili, ukalipa wa tatu, na watu wakachangia ada za watoto kwa sababu "mbona wenzetu wamelipwa." Mifano mingi mizuri haikuwa uthibitisho wa kitu. Mtoto anayezoea kuuliza "sababu yake ni nini?" kwenye namba atakuwa na silaha hiyo atakapoletewa ahadi ya fedha akiwa mtu mzima. Ndiyo faida kubwa ya swali lake la namba tasa, kuliko alama mbili za mtihani.

Zinafanya kazi kwenye simu

Kikokotoo cha simu kinaweza kuonyesha matumizi. Mtoto apewe 59 × 509 azidishe; sekunde tano anapata 30,031. Ndugu yake apewe 30,031 bila maelezo, aambiwe atafute namba mbili zilizozidishwa. Atahangaika. Kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni kazi.

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitumia tofauti hiyo kutengeneza njia ya kufunga ujumbe kwa siri, inayoitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Badala ya 59 na 509 hutumika namba tasa zenye mamia ya tarakimu. Njia hiyo, na nyingine zinazotegemea namba tasa kubwa, zimekuwa zikilinda mawasiliano ya intaneti, yakiwemo yale ambayo simu huyaonyesha kwa alama ya kufuli dogo.

Watu bado wanazitafuta zilizo kubwa zaidi. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani. Lakini hata siku ile inatangazwa, ilijulikana tayari kwamba ipo nyingine kubwa kuliko hiyo. Nyanya moja ya ziada inatosha kulithibitisha hilo.

Swali ambalo hakuna anayelijua jibu lake

Mzazi anaweza kumalizia kwa kitu cha kumfurahisha mtoto. Zipo namba tasa zinazokaa jirani, zikitofautiana kwa 2: 3 na 5, 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31. Huitwa pacha. Je, pacha nao hawana mwisho?

Hakuna anayejua. Mwaka 2013 Yitang Zhang alithibitisha kwamba jozi za namba tasa zinazotofautiana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho, na wengine wameupunguza umbali huo sana. Kufika 2 bado. Mtoto wa Chamazi anayeuliza swali hili analiuliza sawa na maprofesa.

Akifika kidato cha kwanza, namba hizi atazikuta kwa Kiingereza zikiitwa "prime numbers", na wanafunzi wengi hupotea hapo kwa sababu waliyakariri maneno bila wazo. Aliyezipanga nyanya kwa mikono yake anabadilisha jina tu.

Kwa mzazi asiyejua jibu la swali fulani, maneno yanayosaidia ni mafupi: "Sijui, njoo tujaribu." Kwa kuanzia, jaribio la wiki hii ni hili. Orodha si lazima iwe na mpangilio. Mtoto achukue 2 na 7 tu, azizidishe, aongeze moja, kisha ataje namba tasa mbili mpya alizozipata. Akimaliza, afanye vivyo hivyo kwa 3 na 7. Visoda vya kuhesabia vikiwa havitoshi, maharage yanafaa.